Mafunzo Niliyopata Mbele ya Masanduku ya Arusi ya Italia

Wewe uliyeazimia kubuni samani za kudumu, haya nimeyapata kwa kutazama masanduku ya arusi ya Italia ya karne ya 15 na 16.

1. Anza na mwenye sanduku

Katika jumba la sanaa la Courtauld, London, yako masanduku mawili aliyoyaagiza Lorenzo Morelli wa Florence mwaka 1472 alipomwoa Vaggia Nerli. Nilitarajia maua na wapenzi. Nikakuta vita vya Roma ya kale. Kwenye moja, jemadari Camillus anawafukuza Wagali. Kwenye jingine yumo mwalimu wa Falerii, aliyewapeleka wanafunzi wake kwa adui, Camillus mwenyewe, ili auuze mji. Camillus alichukizwa na hila hiyo, akawapa watoto fimbo wamrudishe mwalimu wao kwa viboko. Viboko na arusi wapi na wapi? Nilisimama pale muda mrefu. Lakini sanduku kama lile lilikaa chumbani, likaonwa na mume, mke na watoto kila uchao. Naamini Morelli alitaka nyumba yake ikue ikitazama uaminifu. Tangu hapo siulizi picha ina maana gani kabla ya kuuliza nani ataamka nayo.

2. Umbo nalo lina asili yake

Karne ya 16 ilileta masanduku ya mbao ya mjozi yaliyochongwa kwa kina, yamesimama juu ya nyayo za simba. Umbo lake ni la jeneza la mawe la Kirumi! Bibi arusi alitunza nguo zake ndani ya umbo la kaburi. Sababu naiona wazi: samani za mbao za Warumi zilikuwa zimeoza karibu zote, mawe yakabaki, na fundi aliyetaka kujifunza kwa wahenga alijifunza kwa kilichobaki. Ndiyo maana mbao ile ina uzito wa jiwe machoni.

3. Si kila jani lina ujumbe

Mnamo 1480 wachoraji walianza kujishusha kwa kamba ndani ya kasri la Kaisari Nero lililofukiwa Roma. Walikuta viumbe nusu mtu nusu mmea na mashina yanayojikunja. Raphael na wasaidizi wake wakautumia urembo huo Vatikani, nao ukaenea hadi kwenye makabati na viti. Usiulazimishe kusema neno. Mchongaji alikuwa na ubao mrefu mwembamba wa kujaza, na shina linalojikunja hukubali kurefushwa au kukatwa popote.