Kizuizi au Kizuiaji? Mfano wa Sumu ya Msunguti

Makala haya yanajadili istilahi moja ya sayansi kwa kurejelea msunguti, mti unaofahamika vyema katika nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, chini ya miinuko ya Embu na Meru. Wawindaji wa huko, sawa na jirani zao Wakamba, walichemsha vipande vya mti huo hadi ukapatikana uji mweusi mzito, wakaupaka kwenye mishale. Nyama ililiwa bila madhara, kwa kuwa sumu hiyo huua iingiapo damuni, ilhali utumbo huifyonza kwa shida.

Mnamo mwaka wa 1888, Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha sumu hiyo kutoka kwa mti wa jenasi iyo hiyo, akakipa jina litokanalo na neno la Kisomali, waabaayo. Kwa hiyo tuandike wabaini, wala tusifuate tahajia ya Kifaransa. Neno lilitoka huku kwetu.

Seli huwa na sodiamu kidogo na potasiamu nyingi, lakini kwa muda mrefu haikujulikana ni protini ipi inayodumisha tofauti hiyo. Mwaka wa 1953, Schatzmann wa Uswisi alionyesha kwamba sumu za kundi hili huzima usafirishaji wa madini hayo katika chembe nyekundu za damu. Mwaka wa 1957, Jens Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya alichokipata katika neva za kaa, bila ithibati kamili ya kazi yake. Mwaka uliofuata Robert Post alimdokezea wabaini. Ilipotiwa, kimeng'enya kilikoma. Ikabainika kuwa ndicho pampu yenyewe, itoayo sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Skou alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1997.

Je, wabaini ni kizuizi? Wanafunzi wengi hutafsiri hivyo. Hata hivyo, kizuizi cha askari barabarani husimamisha kila gari, ilhali wabaini hushika protini moja mahususi, na umahususi huo ndio uliomfaa Skou. Kizuiaji, kwa kiambishi chake -ji, hubakiza nguvu ya kitenzi na kudai shamirisho: kizuiaji cha nini? Mwandishi hulazimika kuitaja protini. Neno sumu nalo halitoshi, kwani Ulaya wabaini iliwahi kutumiwa, kwa kiasi kidogo, kutibu moyo.