Je, Maji ya Bomba Yaweza Kutupatia Umeme wa Nyumbani?

Kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuniletea mchoro wa gurudumu dogo lililofungwa mdomoni mwa bomba la nyumbani, likizungusha dainamo. Swali lake ni zuri: ikiwa maji ya Kidatu hutoa umeme, mbona ya bomba yasitoe? Yaweza kutoa. Lakini ni umeme kiasi gani, na nani aulipiaye? Tupime.

Kinga ndoo ya lita 10 bombani, uhesabu sekunde. Tuseme imejaa kwa sekunde 50. Basi kila sekunde hutoka lita 0.2, yaani kilogramu 0.2. Tuseme pia kwamba maji ya tangini yako meta 10 juu ya bomba. Kila kilogramu ina nishati ya 9.8 × 10, yaani jouli 98. Kwa hiyo nguvu ya maji hayo ni 0.2 × 98, takriban wati 20. Msuguano wa mabomba, gurudumu na dainamo ukila nusu, zitabaki wati 10. Hizo zatosha taa moja ya LED. Pasi haitapata moto.

Taa hiyo ikiwaka kwa saa 4, yaani sekunde 14,400, zitapita lita 2,880: ndoo 144 za lita 20!

Huenda ukasema maji hayo yarudishwe tangini. Hapo ndipo lilipo somo. Kuinua kila lita hadi tangini kwahitaji jouli zisizopungua 98, ilhali gurudumu letu limeturudishia nusu tu. Ikiwa tangi hujazwa kwa pampu ya umeme, basi taa yetu yawaka kwa umeme wa pampu hiyo, baada ya sehemu kubwa kupotea njiani.

Kidatu, penye mitambo ya megawati 204, mambo ni mengine. Maji ya Mto Ruaha Mkuu huporomoka meta zipatazo 175, na aliyeyapandisha ni jua, lililoyageuza mvuke hata yakanyesha milimani. Vivyo hivyo, kijiji chenye maji ya mserereko kutoka chemchemi ya mlimani chaweza kunufaika, kwani hapo hapana pampu.

Mwalimu, wape wanafunzi ndoo, saa na kamba ya kupimia, wafanye hesabu hii shuleni. Kisha, kabla hawajatoa fedha kununua kifaa cha "umeme wa bure", waulize kwanza: nishati hiyo imetoka wapi?