Ishara Moja Haitoshi: Funzo la Ndege Iliyopotea Jangwani

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameharisha tangu jana asubuhi. Jana jioni alikuwa analia na kukidaka kikombe kila alipoonyeshwa maji. Leo ametulia. Hataki kikombe, halii, amelala mgongoni mwa mama yake. Mama anashusha pumzi na kusema, "Afadhali, amepata nafuu." Je, ni kweli?

Swali hilo laweza kuulizwa siku yoyote katika zahanati au kituo cha afya cha kata kama Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Jibu lake linaweza kuokoa maisha au kuyapoteza. Makala hii inalitafuta jibu hilo kwa kupitia kisa cha vita: ndege ya mabomu iliyopotea jangwani mwaka 1943, watu tisa waliokuwamo, na filamu zilizotokana na kisa hicho. Watu hao waliisoma ishara moja yenye maana mbili, wakachukua maana isiyo sahihi.

Safari ya kwanza na ya mwisho

Tarehe 4 Aprili 1943, ndege za Marekani aina ya B-24 Liberator ziliondoka katika uwanja wa Soluch, karibu na Benghazi nchini Libya, kwenda kushambulia bandari ya Naples nchini Italia. Mojawapo iliitwa Lady Be Good. Rubani wake alikuwa Luteni William Hatton, na hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya kivita ya kikosi chake cha watu tisa.

Wakati wa kurudi ilikuwa usiku. Ndege ilikuwa peke yake, na rubani aliomba kwa redio aelekezwe njia ya kambini. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, kituo cha Benina kilipima mawimbi ya redio yake na kumpa kipimo cha nyuzi 330, yaani upande wa kaskazini-magharibi, kana kwamba ndege ilikuwa bado juu ya bahari. Lakini antena ya aina ile hupima mstari tu. Haisemi kama ndege iko mbele au nyuma. Kipimo kilekile kilifaa kwa ndege iliyo baharini ikija, na kwa ndege iliyokwisha kuipita kambi ikielekea jangwani. Lady Be Good ilikuwa imekwisha kupita. Ikaendelea kuruka kusini-mashariki kwa takriban saa mbili zaidi.

Mafuta yalipokaribia kwisha, mnamo saa nane usiku wa kuamkia tarehe 5, wote tisa waliruka kwa miavuli. Mmoja, John Woravka, alikufa kwa sababu mwavuli wake haukufunguka ipasavyo. Wanane walikutana gizani. Waliamini kwamba bahari haikuwa mbali, kumbe walikuwa zaidi ya kilomita 600 ndani ya jangwa.

Ndege yenyewe, bila mtu, iliendelea kuruka kwa takriban kilomita 25 kisha ikatua kwa tumbo mchangani. Ilionekana kutoka angani mwaka 1958 na kufikiwa mwaka 1959. Ndani yake mlikutwa maji, chakula, chai iliyokuwa bado ikinyweka, na redio iliyokuwa bado ikifanya kazi. Waliovihitaji vitu hivyo walikuwa wameelekea upande mwingine.

Kifuniko kimoja kwa siku

Shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, iliyopatikana pamoja na miili mwaka 1960, inaeleza siku zilizofuata. Wanane walikuwa na nusu chupa ya maji. Mgawo ulikuwa kifuniko kimoja cha chupa kwa kila mtu kwa siku. Walitembea dakika 15 na kupumzika 5, hasa usiku, na kujikinga na jua mchana walivyoweza. Siku ya nne macho ya mmoja wao yalikuwa yameacha kuona. Siku ya tano watano walishindwa kuendelea. Watatu wakasonga mbele kutafuta msaada. Shajara inakoma tarehe 12 Aprili, siku nane baada ya ndege kuondoka kambini.

Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 100. Mmoja wa wale watatu, Guy Shelley, alikutwa zaidi ya kilomita 30 mbele ya wenzake. Hawakukosa ushujaa wala nidhamu. Walichokosa ni maji na habari sahihi ya mahali walipokuwa.

Mwaka mmoja kabla yake, Mei 1942, ndege tatu aina ya Blenheim za jeshi la anga la Afrika Kusini zilipotea karibu na Kufra, katika jangwa hilohilo, zikiwa na watu 12. Wao walibaki karibu na ndege zao. Maji yalipokwisha, baadhi walikunywa spiriti ya dira na kujipulizia dawa ya vizima-moto ili wapoe. Ngozi zikatoka malengelenge. Alinusurika mtu mmoja tu. Kubaki mahali pamoja kunasaidia kuonekana, lakini hakuzalishi maji. Na dawa ya kubahatisha huongeza jeraha juu ya kiu.

Mwili hauweki akiba

Miaka hiyo ya vita, mtaalamu wa fiziolojia E. F. Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na wenzake waliwachunguza wanajeshi katika jangwa la California. Matokeo yao yalichapishwa kitabuni mwaka 1947. Mojawapo ya mambo waliyoyaonyesha ni kwamba mtu anayejinyima maji kwenye joto huendelea kutoa jasho karibu sawa na anayekunywa. Kwa hiyo maji yaliyobaki chupani hayaupunguzii mwili upotevu wake. Mwenye maji machache anayaokoa zaidi kwa kukaa kivulini mchana, kutulia na kuvaa nguo zinazofunika mwili, kuliko kwa kuvumilia kiu huku akitembea juani.

Takriban asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji. Akipoteza kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, kiu huwa imekwisha kuja na nguvu za kazi hupungua. Upotevu ukikaribia asilimia 10, damu hupungua kwenye mishipa, mapigo ya moyo hukimbia, mkojo hukauka na akili huvurugika. Mtoto mdogo hufika huko upesi zaidi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na mahitaji yake ya maji, kwa kila kilo, ni makubwa kuliko ya mtu mzima.

Hapa ndipo jangwa linapoingia nyumbani. Kuharisha na kutapika huutoa mwilini maji na chumvi kwa kasi hata pale kisima kilipo jirani. Baadhi ya walezi humnyima mtoto vinywaji wakiamini kwamba akinywa ataharisha zaidi. Wengine humpa vijiko viwili vitatu kwa siku. Hicho ni kifuniko cha chupa cha jangwani, tena katika nyumba yenye mtungi uliojaa.

Filamu zilivyoona, na zisivyoona

Kisa cha Lady Be Good kiliwagusa watunzi wa filamu mapema. Tarehe 30 Septemba 1960, mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao The Twilight Zone, uliotungwa na Rod Serling, ulionyesha sehemu yenye jina King Nine Will Not Return. Nahodha anazinduka peke yake jangwani kando ya ndege iliyoanguka, anawaita wenzake, anawaona, kisha wanatoweka. Mwishowe anaonekana yuko kitandani hospitalini: hakuwa amesafiri na wenzake siku ile, na majuto ya kubaki hai ndiyo yaliyomletea maono hayo. Mwaka 1970 ilitoka filamu ya televisheni Sole Survivor. Humo mizimu ya wanajeshi waliokufa inasubiri kando ya ndege yao igunduliwe, huku mwenzao aliyewaacha na kuokoka akirudi jangwani akiwa jenerali. Nayo The Flight of the Phoenix ya mwaka 1965, inayohusu ndege ya mizigo na si ya mabomu, inaonyesha manusura wakipimiana maji na kufanya kazi usiku ili kulikwepa jua.

Filamu hizi zinasema kweli kuhusu jambo moja: anayenusurika hubeba mzigo, na mzigo huo unahitaji kusikilizwa. Mama aliyefiwa na mtoto kwa kuharisha naye huubeba. Hahitaji kulaumiwa bali kufarijiwa, kisha kufundishwa kwa ajili ya mtoto mwingine.

Hata hivyo, filamu mbili za kwanza huyafanya maono kuwa fumbo la nafsi peke yake. Mhudumu wa afya huanza kwingine. Mgonjwa anayeweweseka, anayewaita watu wasiokuwapo, au asiyejua alipo, lazima kwanza aulizwe yeye au ndugu zake: amekunywa nini tangu jana, amekojoa lini, ana homa, ameharisha mara ngapi? Mvunaji wa pamba aliyeshinda juani akaanza kuropoka jioni asikimbiliziwe hukumu ya kurogwa. Ahamishiwe kivulini, apozwe kwa maji na upepo, na akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, bali afikishwe kituoni haraka.

Kusoma ishara mbili

Wakulima wa Ngulyati wanajua kwamba dalili ya mvua ni mawingu, lakini wanajua pia kwamba si kila wingu hunyesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wenye kuharisha umejengwa juu ya hekima kama hiyo: hukumu haitolewi kwa dalili moja, bali kwa mbili au zaidi.

Mtoto ana upungufu wa maji wa kiasi akiwa na angalau mbili kati ya hizi: hana utulivu au analialia, macho yamedidimia, anakunywa kwa pupa kwa sababu ya kiu, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole.

Mtoto ana upungufu mkubwa wa maji akiwa na angalau mbili kati ya hizi: amelegea sana au hajitambui, macho yamedidimia, hawezi kunywa au anakunywa kwa shida, ngozi ikifinywa hurudi polepole sana, kwa zaidi ya sekunde 2.

Sasa mtoto wa mwanzo wa makala hii anaeleweka. Kutotaka kikombe kunaweza kumaanisha kwamba ameshiba maji, au kwamba hana tena nguvu za kunywa. Ishara ni moja na pande ni mbili, kama kipimo cha nyuzi 330. Mhudumu amwamshe, amtazame macho, amfinye ngozi, ampe kinywaji na kuangalia anavyokipokea. Aliyepona huamka, hutazama, hucheza na kukojoa. Aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia, anaelekea jangwani.

La kufanya

Mtoto anayeharisha bila dalili za upungufu wa maji atibiwe nyumbani kwa vinywaji zaidi. Kila baada ya choo chepesi apewe maji ya ORS: mililita 50 hadi 100 akiwa chini ya miaka 2, na 100 hadi 200 akiwa na miaka 2 au zaidi. Aendelee kunyonya na kula. Aliyekwisha kuanza chakula anaweza pia kupewa uji mwepesi, supu na maji safi.

Mwenye upungufu wa kiasi apewe kituoni ORS mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 10 atahitaji mililita 750. Anyweshwe kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Akitapika, isubiriwe dakika 10, kisha aendelee polepole zaidi.

Mwenye upungufu mkubwa aanzishiwe maji ya mshipa mara moja, au apelekwe rufaa bila kuchelewa, akinyweshwa ORS njiani kama anaweza kunywa.

Watoto wote wanaoharisha wapewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa walio chini ya miezi 6, na miligramu 20 kwa wenye miezi 6 na zaidi.

Pakiti ya ORS ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kisipungue wala kisizidi, na mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Pakiti ikikosekana, wakati safari ya kituoni inaandaliwa, lita 1 ya maji safi ichanganywe na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima.

Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyewekewa kikomo cha maji na daktari asikivuke kwa kusoma makala. Akiharisha au akishinda juani, aende akaulize kituoni mapema.

Maswali ya kujadiliana kituoni

1. Ni dalili gani ambazo walezi wa eneo hili huzitafsiri kuwa nafuu, ilhali zinaweza kuwa hatari?
2. Kuna familia zinazomnyima maji mtoto anayeharisha? Zielezwe vipi bila kuaibishwa?
3. Mlezi anapoondoka na ORS, je, ameonyesha kwa mikono yake mwenyewe namna ya kuichanganya?

Wanaume wanane walitembea kwa nguvu zao zote wakiifuata imani ambayo hawakuwa na njia ya kuihakiki. Mhudumu wa afya anayo njia: mtoto yuko mbele yake, na vidole vyake viwili vinaweza kuifinya ngozi ile kabla mama hajaondoka.