JICHO NA SHABAHA: KWA NINI BABA ALIANZA KUKOSA

Kabla hujauliza msichana wa kidato cha tatu anajua nini kuhusu bunduki, acha nikiri mapema: sijawahi kushika hata moja. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haichezewi, wala sikuandika haya ili mtu akaichezee. Nilichoshika mimi ni ufito, misumari na daftari la Fizikia. Lakini kwa vitu hivyo nimejifunza jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria, na walimu wetu wawili waliposikia waliniambia nilete makala hii katika jarida la chama.

Baba ni askari wa wanyamapori huku kwetu Voi. Amebeba bunduki miaka 22. Mwezi wa Novemba mwaka uliopita, katika mtihani wa kulenga shabaha ambao wao hufanya kila mwaka, alipiga risasi 20 kwenye karatasi iliyosimamishwa mita 100. Zilizopata ni 7. Saba! Mtu ambaye vijana walikuwa wakimwita mwalimu. Akaambiwa atarudia baada ya miezi mitatu, na akishindwa tena ataondolewa kwenye doria awekwe langoni, kuinua na kushusha kizuizi. Kazi ya lango si aibu, lakini haina marupurupu ya doria, na marupurupu hayo ndiyo karo yangu na ya ndugu yangu mdogo.

Pale nyumbani kila mtu alikuja na dawa yake. Shangazi alisema Baba ameonewa kijicho na mtu. Mjomba akasema bunduki imepinda. Mama akamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Baba mwenyewe aliniambia, "Mama, mkono umechoka." (Huniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mzazi wake.) Mimi sikusema kitu, lakini nilikuwa nimeona jambo. Akisoma gazeti, alikuwa akilisukuma mbali, mbali, mpaka mkono unaisha.

Sasa tuingie katika somo lenyewe.

Bunduki ya kawaida isiyo na darubini ina vyuma viwili vya kulengea. Kimoja kiko karibu na mdomo wa mtutu, nacho husimama kama kijiti. Kingine kiko nyuma, nacho kina pengo kama la jino. Wenyewe kwenye mafunzo huviita kwa Kiingereza, lakini hapa nitaviita kijiti na pengo, basi. Mlengaji hutazama kupitia pengo, akakiweka kijiti katikati yake, ncha ikiwa sawa na kingo za pengo, halafu akavipeleka vyote viwili kwenye shabaha. Kwa hivyo kuna vitu vitatu katika mstari mmoja: pengo, kijiti na shabaha. Na jicho ni moja.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Fanya hivi sasa hivi, hapo ulipokaa. Funga jicho moja, nyosha mkono, inua kidole gumba, ukilinganishe na mti ulio nje ya dirisha la darasa. Ukiangalia kidole vizuri hata mistari yake ukaiona, mti unaingia ukungu. Ukiuangalia mti, kidole kinafifia. Hutaviona vyote kwa uwazi mmoja, hata ukikaza namna gani. Lenzi ya jicho hujibinua ikitazama karibu na kujinyoosha ikitazama mbali, wala haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Anayekwambia yeye huona vyote sawasawa, macho yake yanarukaruka haraka asijue.

Je, mlengaji achague kipi? Mimi ningesema shabaha, maana ndiyo unayoitaka. Kumbe sivyo. Walimu wa kulenga husema kijiti ndicho kionekane wazi, shabaha ibaki na ukungu kidogo. Baba alikuwa akinikariria jambo hili kama sala, lakini hakujua sababu yake. Sababu yake iko katika Hisabati, katika zile pembetatu zinazofanana ambazo wengi wetu tulizichukia.

Katika bunduki ya aina ya AK-47, umbali kutoka pengo hadi kijiti ni milimita 378. Tuseme kijiti kimekwenda kando milimita 1 tu, unene wa ukucha. Katika mita 100, yaani milimita 100,000, kosa hilo linakua hivi: 100,000 gawanya kwa 378, unapata milimita 264. Ni zaidi ya sm 26! Karatasi umeikosa na nyasi umezipiga. Lakini kama kijiti na pengo vimekaa sawa, na bunduki nzima imesogea kando sambamba kwa sm 3, basi risasi nayo itakosea sm 3 tu. Ndiyo maana ukungu wa shabaha unasameheka, ila ukungu wa kijiti hausameheki. Katika bunduki ya G3, ambayo pia inajulikana hapa Kenya, umbali huo ni milimita 572, na kosa lile lile la milimita 1 linakuwa sm 17 na nusu. Mtutu mrefu una faida yake, mradi macho yaone.

Na macho ya Baba hayakuwa yakiona. Ana miaka 48. Lenzi ya jicho la kijana ni laini, lakini huzidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, na kuanzia miaka arubaini na kitu watu wengi hushindwa kuibinua vya kutosha. Mbali wanaona kama zamani. Karibu ndiko kunakopotea. Kwa hiyo Baba aliweza kumwona tembo kilimani kabla ya kijana yeyote, lakini kijiti cha bunduki, kilicho kama sm 75 kutoka jichoni pake, kilikuwa kimegeuka kivuli chenye manyoya. Alikuwa akikisia katikati yake. Mkono ulisingiziwa bure.

Nilimweleza hayo akanicheka. "Wewe na miwani yako unataka kila mtu awe na miwani." Ni kweli mimi navaa. Kidato cha kwanza nilikuwa nikinakili kwa jirani muhula mzima, kwa sababu ubao sikuuona na kusema sikusema, kisha nikaja kuitwa Bi. Chupa. Kwa hivyo ile aibu aliyokuwa nayo mzee niliifahamu vizuri kuliko alivyodhani.

Nikaamua kumwonyesha badala ya kumwambia. Kuna zoezi la zamani ambalo askari hufanya bila kutumia hata risasi moja. Nilichukua ufito ulionyooka. Nyuma nikatia kipande cha bati nilichokitoboa pengo, na mbele, milimita 378 kutoka hapo, nikapigilia msumari mwembamba usio na kichwa. Ufito nikaufunga imara juu ya matofali ili usitikisike, ukielekea ukutani, hatua kumi hivi. Ukutani nikabandika karatasi nyeupe. Ndugu yangu akasimama pale na kiduara cha kadibodi, cheusi, chenye kitundu katikati cha kupitishia ncha ya penseli.

Baba akaweka kidevu juu ya rundo la vitabu, akatazama bila kuugusa ufito. "Kushoto... kidogo... juu... wapi, umepita! Rudi. Hapo!" Ndugu yangu akatia alama. Akakiondoa kiduara, wakaanza upya, mpaka alama tatu. Ufito haukusogea hata unywele, kwa hivyo alama zote tatu zingepaswa kuangukia mahali pamoja. Tulipoziunganisha kwa rula, tulipata pembetatu yenye ubavu wa sm 4. Ndugu yangu, mtoto wa darasa la saba, alipata pembetatu ndogo kama punje ya harage. Baba akanyamaza.

Kisha nikampa dawa yangu: kipande cha kadi nilichokitoboa kwa sindano nene, tundu la milimita moja na nusu hivi, nikamwambia akiweke mbele ya jicho na kutazama tena. "Eh! Msumari umerudi!" Hayo ndiyo maneno yake. Pembetatu ya pili ilikuwa ndogo mno, ubavu haukufika sm 1.

Hapa hakuna uchawi. Mnakumbuka ile kamera ya tundu ya kidato cha kwanza, ya kopo na karatasi ya mafuta? Haina lenzi, na bado inaonyesha vitu vya karibu na vya mbali pamoja. Tundu likiwa dogo, kila nukta ya kitu hutuma miale michache inayokwenda karibu sambamba, na miale hiyo haipati nafasi ya kutawanyika ikaleta ukungu. Jicho ni vivyo hivyo. Katika jua kali mboni hujifinya hadi milimita 2 hivi na ukungu hupungua wenyewe. Jioni hufunguka, na ukungu unarudi. Bunduki nyingine zimelitumia jambo hili tangu kitambo kwa kuweka tundu nyuma badala ya pengo. Ile G3 ina pengo la mita 100, na matundu ya mita 200, 300 na 400. Tundu lina faida nyingine: jicho hupenda kukaa katikati ya duara bila kuamrishwa.

Ubaya wake ni giza. Tundu dogo hupitisha mwanga mdogo, na majangili hawasubiri saa sita mchana. Kwa hiyo kadi yangu ilikuwa ya kumshawishi mzee tu. Kazi yenyewe ilihitaji lenzi.

Na hapa wengi hukosea. Huenda sokoni wakanunua miwani ya kusomea, wakashangaa shabaha imetoweka kabisa. Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa sm 40, umbali wa kitabu. Nguvu ya lenzi huhesabiwa kwa dayopta, nayo ni 1 gawanya kwa umbali wa mita. Kijiti kiko mita 0.75, kwa hivyo lenzi ya kukiona wazi kabisa ni dayopta 1.33. Lakini hiyo nayo itaipa shabaha ukungu mwingi. Wajuzi huchukua nusu yake, karibu 0.67, na kwa kuwa lenzi hukatwa kwa robo, huishia 0.50 au 0.75 juu ya kipimo ambacho mtu anahitaji kwa kuona mbali. Hapo ukungu hugawanywa sawa kati ya kijiti na shabaha, na kila kimoja kinapata kidogo. Daktari wa macho alikubaliana nasi, ila alitaka Baba amwonyeshe kwa fimbo ya fagio jinsi anavyoweka kichwa, maana lenzi hutazamwa karibu na pua, si katikati. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walipata sinema ya bure.

Miwani ya walengaji ina mambo mengine pia. Iwe ya plastiki ngumu ili kukinga jicho na ganda la risasi linaloruka. Lenzi ya manjano huzuia mwanga wa bluu, na siku ya mawingu shabaha hujitokeza zaidi, lakini haimfanyi asiyeona aone. Katika Olimpiki ya mwaka 2024, mashindano ya kulenga yalifanyika Châteauroux, Ufaransa. Kim Ye-ji wa Korea Kusini alipata medali ya fedha katika bastola ya hewa ya mita 10, akiwa na kifaa cha ajabu usoni chenye lenzi, tundu na kizibo cha jicho la pili. Siku mbili baadaye Yusuf Dikeç wa Uturuki, mzee wa miaka 51, akapata fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan katika mashindano ya jozi, amevaa miwani yake ya kila siku, mkono mfukoni, macho yote mawili wazi. Picha yake nilimwonyesha Baba. Ilifanya kazi kuliko Fizikia yangu yote.

Wengine wataniuliza, kwa nini asipewe darubini mkasahau haya yote? Darubini kweli humaliza tatizo, maana huweka msalaba wake na shabaha katika umbali mmoja mbele ya jicho. Jicho hukaza mara moja tu. Lakini darubini hukuza hata kutetemeka kwako, huhitaji jicho likae mahali pake barabara, na ni ghali. Simo Häyhä wa Ufini, katika vita vya 1939 na 1940, alipendelea vyuma vitupu, kwa sababu kioo huingia ukungu kwenye baridi, humeta juani, na humlazimu mtu ainue kichwa. Hata Olimpiki katika bunduki hawaruhusu lenzi za kukuza. Katika mita 10 za bunduki ya hewa wanatumia tundu nyuma na kiduara mbele, na kumi yao ni nukta ya nusu milimita!

Kuona pekee pia hakutoshi, jamani. Mwaka 2004 kule Athens, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza, amebakiza risasi moja ya mwisho. Akalenga vizuri kabisa, akapiga karatasi ya jirani. Akapewa sufuri, akawa wa nane.

Baba alirudia mtihani mwezi wa Februari. Risasi 20, zilizopata 16. Yuko doria bado. Ile karatasi yenye pembetatu mbili ameibandika nyuma ya mlango wa chumba chake, na miwani hukaa mfukoni mwa shati, ndani ya soksi ya ndugu yangu. Akija mgeni bado huivua.