Kipimo Kimoja Hakitoshi: Somo kwa Kamati za Maji

Wengi wenu mnateka maji kwa pampu ya mkono ya Afridev. Pampu hii si mgeni kwetu. Miaka ya 1980 ilifanyiwa majaribio hapa hapa Kwale, na kina mama wakafundishwa kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa spana moja. Michoro yake ni mali ya umma. Karakana ya Kenya au ya India yaweza kuiunda na spea zikaingiliana, kwa sababu vipimo vimeandikwa pamoja na tofauti inayoruhusiwa, ile mafundi wanaiita toleransi.

Sisi tulijifunza jambo hili kwa hasara. Kijiji kimoja upande wa Msambweni, pini ya mkono wa pampu ililika. Madukani spea haikupatikana, basi tukachora wenyewe na kuandika kipenyo kimoja tu, tuseme milimita 30. Pini ilipokuja haikuingia kwenye bushi. Kijana mmoja akaipiga tupa mpaka ikaingia, lakini sasa ikawa inacheza, na wiki chache baadaye bushi nayo ikaliwa. Kina mama wakarudi kwenye kisima cha wazi, na pesa za kamati zimekwisha. Tulipomlaumu mkerezaji akatuambia, "Jamani, karatasi yenu yasema thelathini, nami nimekereza thelathini." Kosa lilikuwa letu.

Hakuna mashine itoayo 30 kamili. Leo itatoa 30.1, kesho 29.9. Kwa hiyo palipo na vitu viwili vya kuingiana, andika mipaka. Kwa mfano: tundu la bushi 30.0 hadi 30.2, pini 29.8 hadi 29.9. Hapo pini nene kabisa ikikutana na tundu dogo kabisa, bado ipo nafasi ya 0.1. Na pini nyembamba kwenye tundu kubwa, nafasi haizidi 0.4.

Siku hizi vijana wetu wa vyuo vya ufundi wanachora kwa kompyuta, na mtego ni ule ule. Kwenye kioo pini ya 30 yaingia tundu la 30 bila taabu, maana kompyuta haikerezi chuma. Umbo ulilochora halina toleransi mpaka uiandike. Wengine huandika pembeni ISO 2768-m na kuishia hapo. Si vibaya, lakini kwa kipimo cha 30 sharti hilo laruhusu 0.2 juu na 0.2 chini. Lafaa mahali pasipoingiana na kitu. Kwa pini na bushi halifai. Wala usijaze 0.01 kila mahali ukidhani ndio ufundi, utalipia saa za mashine bure.

Mashimo ya boliti nayo yapimwe yote kutoka ukingo mmoja. Ukipima shimo hadi shimo, na kila hatua yaruhusiwa 0.3, ukifika shimo la nne kosa laweza kuwa 1.2, na boliti haiingii.

Mkienda kuagiza, chukueni kalipa mpime pini kuukuu kwenye ncha zisizolika, si katikati.

Swali la kujadiliana kwenye kamati: tundu ni 20.0 hadi 20.1, pini ni 19.9 hadi 20.05. Je, kila pini itaingia kila tundu?