Nani Hugharamia Intaneti ya Kasi Kijijini?

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kutofautisha vyanzo vitatu vya fedha za kujengea mtandao wa intaneti ya kasi, na kuuliza maswali yanayofaa kabla kijiji chake hakijatoa ardhi au mchango.



Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, simu ya mkononi ndiyo benki ya mkulima, daftari la mfanyabiashara na njia ya mzazi kumtumia mtoto ada ya shule. Hata hivyo, kuwapo kwa mnara si uthibitisho wa kuwapo kwa intaneti. Mnara wa kizazi cha pili hubeba vizuri sauti na ujumbe mfupi, lakini huelemewa mwanafunzi anapotaka kujaza fomu ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Intaneti ya kasi, yaani brodibandi, huhitaji mitambo ya kizazi cha tatu au zaidi, pamoja na njia pana ya kuuunganisha mnara na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Katika nchi ya milima kama Tarime, kilima kimoja huweza kuziba mawimbi, na kijiji kimoja kikahitaji zaidi ya mnara mmoja. Hapo ndipo swali la fedha linapoanza.

1. Fedha za umma

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali ambapo biashara peke yake haivutii. Mfuko hupata fedha kutoka serikalini, kwa washirika wa maendeleo na kutokana na michango ya kampuni zenye leseni. Kwa hiyo, kila anunuaye vocha mjini huchangia, japo kwa njia ya mzunguko, mnara wa kijijini. Ruzuku hiyo si zawadi ya mtu. Ni haki inayotokana na fedha za watumiaji wote.

2. Fedha za kampuni binafsi

Kampuni huwekeza mahali inapotarajia wateja wa kutosha. Ndiyo maana miji hupata huduma mpya kwanza. Ruzuku ya umma hupunguza hasara inayohofiwa na kuishawishi kampuni kwenda mbali zaidi. Mwezi Mei 2023, Serikali ilitia saini mikataba na kampuni tano za simu ili kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Gharama yote ilitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 265, na ruzuku ya Serikali takriban bilioni 126. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya gharama ilibaki mikononi mwa kampuni, nazo hutazamia kuirejesha kupitia vifurushi tunavyonunua.

Mwananchi naye anaweza kuwa mwekezaji. Mwaka 2017, Vodacom Tanzania iliuza kwa umma asilimia 25 ya hisa zake, kila hisa kwa shilingi 850. Lakini mwenye hisa chache afahamu kwamba hisa hupanda na kushuka thamani, na kwamba kuwa nazo hakumpi sauti ya kuamua mnara ujengwe kijiji gani.

3. Fedha na mali za wananchi

Kijiji huchangia kwa ardhi, nguvu kazi, ulinzi na michango ya fedha. Aidha, Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, humtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Vijiji vinavyouzunguka Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, Nyakunguru kikiwa kimojawapo, vinaweza kupendekeza miradi kupitia vikao vyao. Ikumbukwe kwamba fedha hizo hizo hutazamiwa pia na kisima, zahanati na darasa. Kupanga ni kuchagua. Wananchi wapime kama mchango wa intaneti utatatua tatizo lililo kubwa kuliko mengine.

4. Kujenga ni jambo moja, kuendesha ni jingine

Mkoa wa Mara una somo lake wenyewe. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, taasisi za elimu na utafiti za Tanzania na Sweden zilijenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, zikitumia nyuzi za mwanga za shirika la umeme, TANESCO. Halmashauri, shule na vituo vya afya vilikusudiwa kunufaika. Swali lililowashughulisha sana watafiti halikuwa namna ya kutandaza nyuzi. Lilikuwa nani atalipa gharama za kila mwezi na kumlipa fundi baada ya fedha za wafadhili kwisha. Swali hilo ndilo linalopaswa kuulizwa mapema kuhusu kila mradi, uwe wa umma, wa kampuni au wa wananchi.

5. Maswali ya kuuliza kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji

(a) Mnara utakuwa wa kizazi cha ngapi, na intaneti itafika vitongoji gani?
(b) Mkataba wa ardhi ni wa miaka mingapi, na kodi italipwa kwa nani?
(c) Nani atalipia umeme, ulinzi na matengenezo?
(d) Je, kampuni nyingine zitaruhusiwa kufunga mitambo yao hapo, ili mtumiaji awe na uchaguzi?
(e) Michango itaandikwa wapi, na taarifa itasomwa lini? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Endapo kijiji kinakusudia kuendesha mtandao wake na kutoza fedha, kipate kwanza maelekezo ya leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Malalamiko kuhusu huduma hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma. Mtumiaji asiporidhika, huyafikisha kwa Mamlaka, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.

Zoezi la kikundi

Kampuni inaomba eneo la kujenga mnara kijijini kwenu, na kijiji kinaombwa kutoa ardhi bure. Orodhesheni mambo matatu ambayo kijiji kinapaswa kupata kwa maandishi kabla ya kukubali. Kisha jadilini: ni lipi kati ya hayo ambalo, likikosekana, linatosha kuwafanya mkatae?