Ufundi wa Motokaa: Mafuta Yavujayo Katika Breki za Nyuma

Katika mtaa wa Ziwani, uliojengwa na Baraza la Mji wa Nairobi katika miaka ya 1940, na katika sehemu zilizo jirani za Kariokor na barabara ya Kirinyaga ambayo zamani iliitwa Grogan, wako mafundi wengi wa motokaa wafanyao kazi nje, chini ya jua kali. Magari mengi yaletwayo kwao yana breki za ngoma katika magurudumu ya nyuma. Toyota Probox ichukuayo mboga kwenda sokoni inazo, matatu ya Toyota Hiace inazo, na hata Peugeot 404, gari lililosifiwa sana Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, lilikuwa nazo.

Tuseme mwenye gari afika asubuhi na kusema, “Fundi, niongezee mafuta ya breki tu, nateremka Mai Mahiu.” Akiulizwa aliongeza lini mara ya mwisho, ajibu kwamba ni juzi. Jibu hilo lamtosha fundi mwenye akili kulizuia gari lile lisiondoke. Mafuta ya breki hayaliwi na injini kama petroli. Hukaa ndani ya mabomba yaliyofungwa, nayo hupungua kidogo kidogo tu, kwa miezi mingi, kadiri viatu vya breki vinavyolika. Yakipungua kwa siku mbili, yamevuja. Mwenye kuongeza bila kutafuta yanakokwenda anajificha hatari mwenyewe, na mteremko wa Mai Mahiu ni mrefu.

Yafaa kufahamu kwanza jinsi kazi inavyofanyika. Dereva akikanyaga pedali, silinda kuu husukuma mafuta katika mabomba membamba mpaka katika silinda ndogo iliyomo ndani ya kila ngoma ya nyuma. Silinda hiyo ina pistoni mbili, na kila pistoni ina raba mfano wa kikombe kidogo izuiayo mafuta yasipite. Pistoni zikitoka nje husukuma viatu viwili, navyo hukwaruza ngoma na kulizuia gurudumu. Mfaransa Blaise Pascal alikwisha kueleza katika karne ya 17 kwamba kani ya maji yaliyofungiwa chomboni huenea sawasawa pande zote. Jambo hilo ni kweli madhali chombo hakina tundu. Raba ikilika, mafuta hutoka na hewa hupata nafasi ya kuingia. Na hewa, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Hapo pedali huwa laini kama godoro.

Basi fundi akiona unyevu upande wa ndani wa tairi la nyuma, au tone likining'inia chini ya bamba linalobeba breki, asikimbilie spana. Kwanza na aulize: haya ni mafuta gani? Swali hili hurukwa mara nyingi, na watu wengi wamenunua silinda mpya bila sababu. Mafuta ya breki ni mepesi, rangi yake ni ya manjano hafifu au kahawia yakiwa ya zamani, na yakimwagwa katika maji huchanganyika nayo. Mafuta ya gia ni mazito, yana harufu kali mfano wa kiberiti, na juu ya maji huelea. Kipande cha karatasi nyeupe na kikopo cha maji vyatosha kwa uchunguzi huu. Kuonja hakufai kabisa, kwani mafuta ya breki ni sumu.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sababu ya umbo la magari yenyewe. Probox ya kawaida husukumwa na magurudumu ya mbele. Nyuma haina difu, kwa hiyo mafuta mepesi yanayoonekana kwenye gurudumu la nyuma karibu daima ni ya breki. Hiace husukumwa na magurudumu ya nyuma, na ekseli yake imejaa mafuta ya gia yaliyozuiwa na sili mwishoni. Sili ikichakaa, mafuta ya gia huingia katika ngoma na kulowesha viatu, ingawa silinda ni nzima. Tena iko sababu isiyoonekana upesi: difu ina tundu dogo la kupumulia, nalo likizibwa na matope, joto hufanya hewa ya ndani itanuke na kuyasukuma mafuta yapite sili. Fundi akibadili sili na kuliacha tundu lile limeziba, gari litarudi.

Ikiwa ni mafuta ya breki, yatafutwe yanakotoka kabla ya kufungua chochote. Mpira unaounganisha bodi na ekseli hupasuka. Bomba la chuma hupata kutu. Nati ya bomba hulegea. Nipeli ya kutolea upepo haikukazwa. Mafuta hutambaa juu ya chuma na kudondoka mbali na jeraha lenyewe, kwa hiyo sehemu zote zipanguswe kavu, kisha mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu na mwingine aangalie. Kama nje ni kavu, ngoma na ifunguliwe.

Gari liwekwe mahali pa sawa, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo, ndipo breki ya mkono ilegezwe. Likisha kuinuliwa kwa jeki, likalie stendi imara, si mawe yaliyopangwa. Ngoma iliyoganda isipigwe nyundo kwa hasira. Ngoma nyingi za Toyota zina matundu mawili ya skrubu, na boliti mbili za milimita 8 zikikazwa kwa zamu huisukuma itoke yenyewe. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto ambayo hudhuru mapafu. Liloweshwe kwa maji ya sabuni na kupanguswa. Na upande mmoja tu ufunguliwe kwa wakati mmoja, ili upande wa pili uwe mfano wa kupangia springi.

Hapo fundi ainue taratibu kifuniko cha raba kilicho mwishoni mwa silinda. Unyevu mdogo si kitu. Mafuta yakichuruzika, mgonjwa amepatikana.

Silinda ikifunguliwa, ukuta wake wa ndani upimwe kwa jicho na kwa ukucha. Ukiwa laini, raba mpya zaweza kutosha, nazo hutiwa midomo yake ikielekea ndani ambako mafuta hukaa. Ukucha ukikwama katika shimo la kutu, silinda hiyo itupwe. Wako wanaoisugua kwa msasa mkali mpaka ing'ae. Hung'aa kweli, lakini mikwaruzo ile huzila raba mpya kwa muda mfupi. Sehemu hizi zioshwe kwa mafuta safi ya breki au kwa spiriti, wala si kwa petroli, dizeli au oili ya injini. Raba za breki za kawaida zikiguswa na mafuta hayo huvimba, na kosa la kutia oili ya injini katika kikombe cha breki laweza kuharibu raba zote za gari, kuanzia silinda kuu hadi gurudumu la mwisho.

Linalobaki ni viatu, na hapa ndipo mwenye gari na fundi hugombana. Viatu vilivyolowa mafuta huonekana vizima, bado vinene, na kununua vingine ni gharama. Basi huchomwa kwa petroli au husuguliwa, vikarudishwa. Lakini vitu hivyo vina vinyweleo. Mafuta yaliyozama ndani hutoka tena breki ikipata joto, yaani wakati ule ule inapohitajiwa. Havina budi kubadilishwa, tena kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, kwani upande mmoja ukishika kuliko wa pili gari huvutwa kando. Ngoma nayo ioshwe na kupimwa, kwa maana kipimo cha mwisho cha upana wake aghalabu kimechapwa juu yake.

Upo ujanja mwingine ulio mbaya zaidi ya huo, nao ni kulibana bomba la gurudumu linalovuja ili mafuta yasifike huko. Kuvuja hukoma, pedali huwa ngumu, na mwenye gari hushukuru. Ila gari limebaki na breki tatu, na siku ya mvua, dereva akikanyaga ghafula, sehemu ya nyuma yaweza kuzunguka. Fundi aliyepewa fedha kidogo na kuambiwa afanye hivyo yafaa akatae, hata kama fundi wa pili atakubali.

Baada ya kufunga kila kitu, upepo hutolewa. Mpira mwembamba huvikwa kwenye nipeli na ncha yake huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi hukanyaga na kushikilia. Fundi hufungua nipeli, hufunga, ndipo msaidizi huachia. Zamu hizo zirudiwe mpaka mapovu yaishe, na kikombe cha juu kisiachwe kikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, na yasimwagwe mtaroni kwenda Mto Nairobi.

Kopo la mafuta mapya lisikae wazi, kwa sababu hunywa unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila yakisha kunywa maji kiasi cha kipimo chaweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zilizoshikiliwa muda mrefu mteremkoni huweza kuyafikisha huko, na mvuke, kama hewa, hubanwa. Ndiyo sababu gia ndogo hutumiwa katika kuteremka.

Kabla ya gari kurudi barabarani, injini iwashwe, pedali ikanyagwe kwa nguvu dakika moja, na sehemu zote zichunguzwe tena. Ikiwa pedali yazama polepole ilhali nje hakuna tone, silinda kuu yenyewe inavuja kwa ndani. Ikisimama imara, gari lijaribiwe polepole mahali pasipo watu. Kisha mstari wa kalamu uchorwe kwenye kikombe, penye kimo cha mafuta, na mwenye gari aambiwe autazame kila asubuhi kwa juma zima.